Mwenye Pikipiki na Mwenye Kura: Chanzo cha Migogoro ya Uongozi katika Vyama vya Bodaboda Mwanza

Chama cha bodaboda kinapogawanyika, maelezo yanayotolewa huwa mawili. La kwanza ni kwamba viongozi wamekula michango. La pili ni kwamba siasa imeingia kijiweni. Yote mawili yana chembe ya ukweli, ndiyo maana yamedumu. Lakini hayaelezi kwa nini ugomvi uleule hurudi baada ya mwenyekiti kuondolewa, kamati ya muda kuundwa na uchaguzi kurudiwa mbele ya ofisa wa halmashauri. Ingekuwa shida ni tabia za watu, kubadilisha watu kungetosha.

Ninachodai hapa ni kwamba ugomvi wa uongozi katika vyama hivi ni ugomvi wa kazi uliokosa pa kusemewa. Mwenye pikipiki na anayeiendesha wameandikwa katika daftari moja la wanachama na wana kura sawa, ilhali kila jioni mmoja anamkabidhi mwenzake hesabu, yaani kiasi cha fedha kilichopangwa kwa siku. Madai ya dereva dhidi ya bosi wake hayana kikao, hayana fomu, hayana msuluhishi. Yanachoweza kupata ni uchaguzi wa mwenyekiti, na humo ndimo yanamoingia yote.

Kuhusu ajali na mchango wa bodaboda katika usafiri wa mijini, watafiti wamekwisha kukubaliana na sina la kuongeza. Nisipokubaliana na wengi ni katika dhana inayotangulia tafiti nyingi na karibu kila hotuba ya kiongozi: kwamba dereva wa bodaboda ni kijana aliyejiajiri. Dhana hiyo ina historia. MKURABITA, mpango wa kurasimisha mali na biashara za wanyonge ulioanza mwaka 2004 kwa ushirikiano na taasisi ya mchumi Hernando de Soto, ulijengwa juu ya imani kwamba mnyonge ana mali ila mali yake haina hati. Vitambulisho vya wajasiriamali wadogo vya shilingi 20,000, vilivyoanza kugawiwa Desemba 2018, vilibeba imani hiyohiyo. Kwa mkulima mwenye shamba lisilo na hati, hoja ya de Soto inajadilika. Kwa kijana anayeendesha pikipiki ya mwalimu wa Nyakato au ya mfanyabiashara wa Mlango Mmoja haina pa kushika, kwa sababu mali inayozungumzwa si yake.

Matteo Rizzo, katika kitabu chake cha mwaka 2017 kuhusu daladala za Dar es Salaam, ameonyesha kwa ushahidi mzito kwamba nyuma ya pazia la ujasiriamali kulikuwa na tabaka la watu wanaouza nguvu zao kwa wenye mabasi, bila mikataba na kwa saa zisizo na kikomo. Nakubaliana naye, ila bodaboda inalo tatizo ambalo daladala haikuwa nalo kwa kiwango hiki. Dar es Salaam wenye mabasi walikuwa na umoja wao, DARCOBOA, na madereva na makondakta wakaunda wao, UWAMADAR. Pande zilijulikana. Kwenye kijiwe cha pikipiki pande hazijulikani. Mwenye pikipiki tatu anaweza kuendesha moja mwenyewe, akakodisha mbili, na akawa mweka hazina wa chama.

Tuitazame kazi yenyewe. Mwanza ni mji wa mawe na vilima. Kuna makazi ya Igogo, Mabatini na Bugarika ambako gari halifiki mlangoni, na kinachofika ni pikipiki au kichwa cha mtu. Bodaboda huchukua ndoo za dagaa Mwaloni Kirumba, katoni kutoka maduka ya Makoroboi, vifurushi vilivyoshushwa na mabasi Nyegezi na Nyamhongolo. Sehemu kubwa ya usambazaji wa bidhaa mjini inafanyika hivyo, bila kampuni yenye jina wala ghala. Kwa hiyo mtafiti anayesubiri kuona mgogoro wa kazi katika kampuni ya usambazaji atasubiri sana. Kampuni ipo, ila imegawanyika katika maelfu ya mabosi wadogo.

Sasa niende kwenye ushahidi ninaoutegemea kuliko mwingine wote, nao ni sheria yetu wenyewe. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya 2004, haimtambui kuwa mwajiriwa yule tu mwenye mkataba wa ajira. Inamtambua pia mtu aliyeingia mkataba mwingine wowote wa kufanya kazi yeye mwenyewe kwa ajili ya mwenzake, mradi huyo mwenzake si mteja wa shughuli anayoiendesha mfanyakazi. Tuipime kwenye kijiwe. Mteja wa dereva ni mama mwenye ndoo ya dagaa, au mwenye duka anayetuma katoni Igoma. Mwenye pikipiki hajapanda wala hajatuma mzigo. Anachopokea ni hesabu, ambayo mara nyingi huwa kati ya shilingi 7,000 na 10,000 kwa siku, iwe mvua imenyesha au jua limewaka, na mafuta yakiwa juu ya dereva. Kwa kipimo hicho bosi si mteja.

Sheria ya Taasisi za Kazi, Na. 7 ya 2004, inakwenda mbali zaidi. Kifungu cha 61 kinaweka dhana kwamba mtu anayemfanyia mwingine kazi ni mwajiriwa mpaka ithibitishwe vinginevyo, ikiwa ipo hata moja kati ya dalili saba zilizotajwa. Miongoni mwake: namna ya kufanya kazi kuwa chini ya maelekezo ya mwingine, saa za kazi kupangwa na mwingine, kumfanyia kazi mtu huyo kwa wastani wa saa 45 au zaidi kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita, kumtegemea kiuchumi, kupewa na mtu huyo vitendea kazi, kumfanyia kazi yeye peke yake. Dereva wa hesabu hufikisha saa 45 ndani ya wiki moja. Kitendea kazi chake kikuu ni cha bosi. Anaambiwa alaze pikipiki wapi, asivuke mipaka gani, na akimpa deiwaka (dereva wa kumshikia) bila ruhusa anaweza kunyang'anywa ufunguo siku hiyohiyo. Sheria inataka dalili moja. Hapa zipo nne au tano.

Nimesoma hoja za wanaosema kifungu hiki kiliandikwa kwa ajili ya viwanda na mashamba. Maneno ya kifungu hayasemi hivyo. Kimefanana sana na kifungu cha 200A cha sheria ya kazi ya Afrika Kusini, ambacho kilitungwa mahsusi kwa watu ambao waajiri wao walikuwa wakiwageuza wakandarasi kwa karatasi. Na tarehe 19 Februari 2021 Mahakama ya Juu ya Uingereza, katika shauri la madereva dhidi ya Uber, ilitazama nani hasa anayepanga nauli na masharti, ikaweka kando kilichoandikwa kwenye mkataba. Mahakama zetu hazifungwi na uamuzi huo, lakini kwa kuwa sisi tunayo dhana iliyoandikwa katika sheria, kazi yao ingekuwa nyepesi zaidi.

Ikikubalika kwamba dereva wa hesabu ni mwajiriwa, mgogoro wa uongozi unabadilika sura mara moja. Sheria Na. 6 inataka chama cha wafanyakazi kianzishwe katika mkutano wa wafanyakazi wasiopungua 20, na kisiwe chini ya mwajiri yeyote wala chama cha waajiri. Chama ambamo mwenye pikipiki anapiga kura, anagombea na kutunza fedha hakiwezi kutimiza sharti hilo. Basi vyama hivi husajiliwa chini ya Sheria ya Vyama, Sura 337, kama vikundi vya kusaidiana, na vikigombana hukimbilia kwa Msajili wa Vyama, Wizara ya Mambo ya Ndani, au kwa mkuu wa wilaya. Mwanachama wa chama cha wafanyakazi, kinyume chake, anaweza kuiomba Mahakama ya Kazi itengue uchaguzi uliovunja katiba ya chama. Dereva wa Buhongwa hana mlango huo.

Na kuna fedha. Dereva akivunjika mguu, hulazwa Sekou Toure au Bugando, na kijiwe kinachanga. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliotokana na sheria ya mwaka 2008, upo kwa ajili ya mtu aliyeumia kazini, lakini mchango wake hutolewa na mwajiri, na hapa mwajiri hajakubali kuwa mwajiri. Sanduku la kijiwe linabaki kuwa bima pekee. Wanaosema ugomvi ni wa michango wako sahihi kwa kiasi hicho. Wanachokosea ni kuuita tamaa. Watu wanagombea kwa nguvu sanduku ambalo ndilo litakaloamua kama mguu wao utawekewa chuma au la. Siwezi kuwalaumu.

Kwa nini basi vyama vya wafanyakazi vilivyosajiliwa havikuingia kijiweni? Sehemu ya jibu ni historia. Reli kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928, na pamoja na meli za ziwani ikaufanya mji huu kuwa kituo cha wafanyakazi wa usafirishaji. Mwaka 1960 chama cha wafanyakazi wa reli, TRAU, kikiongozwa na Kasanga Tumbo, kiligoma kwa siku 82. Miaka minne baadaye, baada ya maasi ya jeshi ya Januari 1964, viongozi wengi wa vyama walikamatwa, shirikisho la vyama vya wafanyakazi, TFL, likavunjwa, ikaundwa NUTA, chama kimoja cha taifa, ambayo Katibu Mkuu wake aliteuliwa na Rais. Wa kwanza, Michael Kamaliza, alikuwa pia Waziri wa Kazi. Ugomvi wa uongozi ulimalizwa kwa kumwondolea mwanachama haki ya kuchagua. NUTA ikawa JUWATA mwaka 1978, kisha OTTU mwaka 1991, na leo vyama ni huru kisheria. Hata hivyo, desturi ya kumngoja mkubwa athibitishe kiongozi haikuondoka na sheria iliyoizaa. Ninaamini, ingawa hili ni la kuthibitishwa zaidi, kwamba kiongozi wa bodaboda anayeitwa kwenye mkutano wa trafiki na halmashauri hupata uhalali mkubwa kuliko aliyepigiwa kura kijiweni.

Sehemu nyingine ya jibu ni kwamba madereva wamewahi kudai, na wakadai jambo sahihi, ila dai lao likafunikwa na mengine. Tarehe 10 Aprili 2015 madereva wa mabasi waligoma nchini, na Mei wakarudia. Magazeti yalishughulika zaidi na sharti la kwenda kusoma upya kabla ya leseni kuhuishwa. Lakini dai lililobaki baada ya sharti hilo kuwekwa kando lilikuwa mikataba ya ajira. Mwaka 2022 mvutano ukahamia kwenye mitandao: LATRA, mamlaka ya kudhibiti usafiri wa ardhini, ilipunguza kamisheni ya kampuni za teksi mtandao hadi asilimia 15, Uber ikasimamisha huduma Aprili mwaka huo, na ilirudi Januari 2023 baada ya kiwango kupandishwa. Katika mvutano ule aliyekaa mezani na kampuni alikuwa mdhibiti wa nauli. Hakuna chama cha wafanyakazi kilichokuwa na haki ya kujadiliana kwa niaba ya madereva.

Pingamizi zito kuliko yote ni la bosi mdogo. Wenye pikipiki wengi ni wauguzi, walimu, askari au wajane walioweka akiba yao yote katika chombo kimoja, na kuwaita waajiri kunaonekana ni kuwaonea. Nalichukua kwa uzito pingamizi hili, lakini sheria haina kiwango cha utajiri kinachomfanya mtu awe mwajiri. Mwalimu huyohuyo akimwajiri msaidizi wa nyumbani analazimika kumlipa kima cha chini. Umaskini wa bosi ni sababu ya kumpunguzia masharti na kumwekea utaratibu mwepesi wa kuchangia. Hauwezi kuwa sababu ya kuhamishia hatari yote kwa anayeendesha. Kuhusu dereva wa mkataba, yule anayelipa mpaka pikipiki iwe yake, nakiri yuko katikati. Lakini akikosa hesabu chache akanyang'anywa, bila kurudishiwa chochote katika alichokwisha kulipa, ni vigumu kumwita mnunuzi.

Ng'ambo ya ziwa, Kampala imetupa mifano miwili iliyo tofauti kabisa. Boda Boda 2010 ilikuwa chama kilichoegemea nguvu za kisiasa, na kilisambaratika baada ya mwenyekiti wake kukamatwa Januari 2018. Katika mji huohuo chama cha zamani cha wafanyakazi wa usafirishaji, ATGWU, kilifungua milango kwa vyama vya waendesha bodaboda kikiwemo KAMBA, kikapata maelfu ya wanachama ambao hawakuwahi kuwa na barua ya ajira. Mfano wa pili haukosi kasoro, lakini unaonyesha kwamba kukosa mwajiri mmoja mkubwa hakumzuii mtu kuwa na chama.

Kwetu njia ni fupi zaidi. Sheria Na. 6, kifungu cha 98(3), inampa Waziri uwezo wa kutangaza kwamba kundi fulani la watu litahesabiwa kuwa waajiriwa. Tangazo moja katika Gazeti la Serikali kuhusu madereva wa pikipiki za hesabu lingetosha kutenganisha daftari: wenye vyombo wawe na chama chao, madereva wawe na tawi ndani ya COTWU, chama cha wafanyakazi wa mawasiliano na uchukuzi, au chama kipya, na wanaoendesha pikipiki zao wenyewe wachague ushirika. Hata kabla ya tangazo, madereva ishirini wa Igoma wanaweza kufanya mkutano, kuandika katiba na kupeleka maombi kwa Msajili wa Vyama vya Wafanyakazi. Akiwakatalia kwa kusema wamejiajiri, atalazimika kueleza kwa nini kifungu cha 61 hakiwahusu, na maelezo hayo yatapimwa na Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, ambayo ina masjala yake hapahapa Mwanza.