Koleo, Etha na Dola Moja



Katika tafakari ya juma hili tunapenda kuwaalika mtazame swali ambalo kila mgonjwa hukutana nalo kwenye dirisha la duka la dawa, hata kama hajawahi kulitamka: tiba ikishagunduliwa, ni mali ya nani? Sheria za nchi nyingi hujibu kwa kitu kiitwacho hataza, yaani hati ya serikali inayompa mgunduzi haki ya pekee juu ya kitu chake kwa muda wa miaka iliyowekwa, kwa sharti kwamba aeleze hadharani namna kinavyotengenezwa. Sharti hilo la mwisho husahauliwa upesi. Tunamwomba msomaji alishike, maana tutalirudia.

Zamani palikuwa na njia nyingine ya kulinda ugunduzi, nayo ilikuwa kuuficha. Mwaka 1569 familia ya Chamberlen, Waprotestanti waliokimbia vita vya dini huko Ufaransa, ilihamia Uingereza. Wana wawili wa familia hiyo, wote wawili wakiitwa Peter, wakaingia katika chama cha vinyozi-wapasuaji. Zama zile aliyeshika wembe ndiye aliyepasua majipu na kuumika, kwa kuwa madaktari waliosoma vyuo vikuu waliona kazi ya mikono kuwa chini ya heshima yao. Katika familia hiyo ndipo lilipozaliwa koleo la kuzalishia: vipande viwili vya chuma vilivyopinda kufuata umbo la kichwa cha mtoto, vikiingizwa kimoja kimoja kisha kufungamanishwa. Kabla ya koleo hilo, mtoto aliyekwama njiani mara nyingi alitolewa akiwa amekufa ili mama apone, ama wote wawili walizikwa pamoja.

Akina Chamberlen walilificha koleo lao kwa zaidi ya miaka mia moja. Inasimuliwa kwamba walilibeba ndani ya sanduku kubwa lililopambwa na kumfunga mzazi kitambaa machoni asije akaona. Mwaka 1670 Hugh Chamberlen alikwenda Paris kujaribu kumwuzia siri hiyo François Mauriceau, mpasuaji aliyesifika kuliko wote katika kazi ya uzalishaji. Mauriceau akampa mtihani: mwanamke ambaye nyonga yake ilikuwa imeharibiwa na matege. Hugh alijigamba kwamba kazi ingekwisha upesi. Akahangaika zaidi ya saa tatu, akashindwa, na mama yule akafa, mtoto angali tumboni. Biashara ikavunjika hapo. Miaka miwili baadaye Hugh alichapisha kwa Kiingereza tafsiri ya kitabu cha Mauriceau huyo huyo, na katika dibaji akakiri kwamba yeye na jamaa zake walikuwa na njia iliyo bora, ila hawakuweza kuitangaza bila kuharibu riziki ya nyumba yao. Aliomba radhi kwa adabu kabisa. Adabu hiyo ndiyo inayotutisha.

Koleo lilianza kujulikana kwa wakunga na wapasuaji wengine katika miaka ya 1730. Vyuma vyenyewe vya familia vilionekana mwaka 1813, vikiwa vimefichwa chini ya mbao za sakafu katika nyumba yao ya zamani huko Woodham Mortimer, Essex.

Kwa upande mwingine yupo daktari ambaye hakuficha wala hakudai. René Laennec, Mkatoliki wa Bretagne, alikuwa tabibu wa hospitali ya Necker, Paris, mwaka 1816. Alipoona haya kuweka sikio lake juu ya kifua cha mgonjwa wa kike, alikunja karatasi kama bomba, akausikia moyo kuliko alivyopata kuusikia kamwe. Baadaye alichonga mabomba ya mbao kwa mikono yake mwenyewe. Kitabu chake cha mwaka 1819 kilieleza kila kitu, na aliyekinunua aliweza kupata na kifaa kwa nyongeza ndogo ya bei. Laennec alikufa mwaka 1826 kwa kifua kikuu, ugonjwa uleule ambao kifaa chake kiliwafundisha wengine kuutambua.

Sasa tuvuke bahari twende Boston, Marekani, kwenye habari ya dawa ya usingizi, ile ambayo wazee wetu waliiita nusukaputi. Tarehe 16 Oktoba 1846, katika hospitali kuu ya Massachusetts, mpasuaji mzee John Collins Warren alikata uvimbe shingoni mwa kijana aitwaye Gilbert Abbott, na kijana yule hakupiga kelele. Aliyemlaza alikuwa William Morton, daktari wa meno mwenye umri wa miaka 27, aliyeanza masomo ya udaktari Harvard bila kuyamaliza. Dawa aliyoitumia aliipa jina la fahari, Letheon, akaitia rangi na manukato ili wasomi wasiitambue. Ilikuwa etha, kitu ambacho wakemia walikijua kwa karne tatu.

Ufundi aliotoka Morton wafaa kuzingatiwa hapa. Madaktari wa meno wa Marekani siku hizo walikuwa mafundi wa kujitegemea, na fundi aliyebuni meno ya bandia au gundi ya kuyashikizia aliichukulia hataza bila kuona haya, kama afanyavyo mwenye kubuni jembe. Morton akafanya vivyo hivyo. Tarehe 12 Novemba 1846 alipata hataza namba 4848, pamoja na Charles Jackson, daktari na mkemia aliyedai kwamba ndiye aliyempa wazo. Lakini wapasuaji wa hospitali ile walikuwa wamelelewa katika desturi nyingine. Walikataa kuendelea kutumia kitu ambacho hawakijui, na siku chache kabla ya hataza kutoka, mgonjwa akisubiri kukatwa mguu, Morton alilazimika kutaja jina la etha. Tangu saa ile siri haikuwapo tena, na hataza ikabaki karatasi, kwa maana etha iliuzwa kila mahali, na jeshi la Marekani likaitumia vitani Mexico bila kumlipa mtu.

Yaliyofuata yanahuzunisha. Horace Wells, daktari wa meno wa Hartford ambaye aliwahi kuwa mshirika wa Morton, alikuwa amejaribu gesi ya kuchekesha tangu Desemba 1844, kwanza kwa jino lake mwenyewe. Akachekwa Boston alipoionyesha na mgonjwa akalia. Alijiua gerezani New York mwaka 1848. Jackson alimaliza siku zake katika hospitali ya wagonjwa wa akili. Morton alilisumbua Bunge la Marekani kwa miaka mingi akidai tuzo ya dola 100,000, asiipate. Mwaka 1862 mahakama ya New York ikaamua kwamba hataza yake haikuwa na nguvu, naye akafa mwaka 1868, akiwa na umri wa miaka 48. Tena palikuwa na daktari wa kijijini huko Georgia, Crawford Long, aliyemlaza mgonjwa kwa etha tangu tarehe 30 Machi 1842, asiombe hataza wala kuandika lolote hadi mwaka 1849. Wengi humsifu Long kwa unyenyekevu wake. Sisi twaona kwamba miaka minne ya kunyamaza iliwagharimu wengine pia: watu walioendelea kukatwa miguu wakiwa macho.

Miezi sita baada ya hataza ya Morton, Mei 1847, madaktari wa Marekani waliunda chama chao cha kitaifa, na kanuni yao ya kwanza ya maadili ikatamka wazi kwamba ni aibu kwa daktari kumiliki hataza ya kifaa cha upasuaji au ya dawa. Kanuni hiyo ilikuja kulegezwa katika karne ya 20. Katika miaka ya 1990 daktari mmoja wa macho wa Arizona alifika hata kumshtaki daktari mwenzake kwa kutumia namna ya kukata jicho aliyoichukulia hataza. Mwaka 1996 Bunge lao likapitisha sheria ya kuwakinga madaktari na mashtaka ya aina hiyo wanapomtibu mgonjwa.

Tumefika kwenye habari tunayoiona kuwa yenye mafundisho kuliko zote, nayo ni ya insulini. Frederick Banting, mwana wa mkulima wa Ontario, Kanada, alikuwa mpasuaji wa mifupa aliyejeruhiwa vitani Ufaransa mwaka 1918. Mwaka 1920 alifungua kliniki katika mji wa London wa kwao Kanada. Mwezi wa kwanza alipata dola 4 tu. Ili kujikimu akafundisha chuoni, na usiku mmoja wa mwisho wa Oktoba, akiandaa somo, akapata wazo juu ya kongosho na ugonjwa wa kisukari. Siku zile mtoto mwenye kisukari alikuwa amehukumiwa kufa, na tiba pekee ilikuwa kumnyima chakula ili afe polepole zaidi. Profesa Macleod wa chuo kikuu cha Toronto akampa maabara, mbwa, na mwanafunzi, Charles Best. Baadaye akaongezwa mkemia James Collip. Tarehe 11 Januari 1922 kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, alidungwa sindano ya kwanza, isimsaidie. Collip akaisafisha dawa upya, na tarehe 23 mwezi uleule sukari ya kijana ikashuka.

Msomaji asidhani kwamba watu hawa walikuwa malaika. Collip na Banting waligombana vibaya mwezi ule, Collip alipotishia kuondoka na siri ya usafishaji na kuichukulia hataza peke yake. Tarehe 25 Januari iliwabidi watie sahihi mapatano kwamba hapana atakayeomba hataza bila wenzake. Sahihi zile zilifanya kazi ambayo wema peke yake ulikuwa umeshindwa kuifanya.

Kisha likaja swali kubwa. Banting aliona kwamba yeye, akiwa daktari aliyefungwa na kiapo, hapaswi kuweka jina lake kwenye hataza. Macleod naye alikuwa daktari. Lakini kama wote wangejitenga, mfanyabiashara yeyote angeweza kuikimbilia ofisi ya serikali na kuifunga njia kwa wengine wote. Ndipo ikaonekana hataza iombwe kwa majina ya Best na Collip, ambao hawakuwa madaktari. Wanasheria wakaonya kwamba hataza isiyo na jina la Banting ingeweza kubatilishwa Marekani, basi akakubali jina lake liandikwe. Mwaka 1923 hataza ilitolewa, nao watatu wakaikabidhi kwa chuo kikuu cha Toronto kwa dola 1 kila mmoja.

Masimulizi mengi hukomea kwenye dola hiyo, kumbe kazi yenyewe ilianzia hapo. Kwa kuwa chuo kilishika hataza, kiliweza kumlazimisha kila mtengenezaji alete dawa yake ipimwe nguvu, jambo la uhai na kifo, kwa sababu insulini ikizidi huua kama ilivyo ikipungua. Kiliweza pia kutoa ruhusa kwa wengi. Mdenmark August Krogh, ambaye mke wake Marie, naye daktari, alikuwa na kisukari, alitembelea Toronto mwaka 1922 akarudi kwao na ruhusa ya kuitengeneza dawa kwa ajili ya nchi za kaskazini. Kampuni ya Eli Lilly ilipojaribu kujichukulia hataza yake juu ya njia bora ya usafishaji, chuo kilikuwa na nguvu ya kuizuia isihodhi. Ile karatasi ambayo mikononi mwa Morton ilikuwa ukuta, Toronto iliigeuza kuwa ua wenye lango wazi na bawabu mlangoni.

Sifa za namna hii zahitaji uangalifu. Jonas Salk alipoulizwa mwaka 1955 nani anamiliki chanjo yake ya polio, alijibu kwamba ni mali ya watu wote, na jibu hilo hupendwa mno. Husemwa mara chache kwamba wanasheria walikuwa wamekwisha kulichunguza jambo hilo na kuona kwamba hataza isingepatikana.

Na lango la Toronto halikudumu wazi milele. Hataza ile ilikwisha muda wake, na insulini mpya, zilizobuniwa kwa njia nyingine tangu miaka ya 1980, zikapata hataza mpya. Kalamu za kudungia nazo zikapata zao. Chupa moja ya insulini ya Humalog, iliyouzwa Marekani takriban dola 21 mwaka 1996, ilikuwa imepita dola 250 kufikia mwaka 2017. Wagonjwa katika nchi tajiri kuliko zote wakaanza kujipunguzia dozi, na wengine wakafa. Machi 2023, baada ya kelele za miaka mingi, kampuni tatu kubwa zilitangaza kushusha bei za aina kadhaa kwa asilimia 70 au zaidi.

Huku kwetu bei ni nusu tu ya tatizo, kwa kuwa dawa hii huagizwa kutunzwa kwenye jokofu, na nyumba nyingi hazina jokofu wala umeme. Wagonjwa wengi huiweka chupa ndani ya mtungi wa udongo wenye maji. Madaktari Wasio na Mipaka walipima joto ndani ya nyumba za wakimbizi katika kambi ya Dagahaley, Dadaab, kaskazini mashariki mwa Kenya, wakaona likipanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37. Wakashirikiana na chuo kikuu cha Geneva kuijaribu insulini maabarani katika joto hilohilo kwa majuma manne, nayo ikabaki na nguvu yake. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2021 katika jarida ambalo mtu yeyote hulisoma bila malipo, na aliye na chupa yake mtungini anaweza kumpelekea daktari wake karatasi hiyo wakaisoma pamoja.