Mgeni Aliyeambiwa Kweli

Kompyuta moja yaweza kufanya kazi ya nyingi. Chombo ni kile kile, lakini programu maalumu hukigawa, na kila fungu likawa mfano wa kompyuta kamili. Fungu hilo huitwa mashine pepe. Chombo chenyewe ni mwenyeji. Mashine pepe ni mgeni wake.

Ufundi huu si wa jana. Katika miaka ya 1960 kompyuta zilikuwa ghali mno. Wahandisi wa IBM mjini Cambridge, katika jimbo la Massachusetts, Marekani, walitunga mfumo wa CP-40, kisha CP-67, ili watu wengi watumie kompyuta moja, kila mmoja kana kwamba ana yake. Mwaka 1972 IBM iliwatangazia wateja wake mfumo wa VM/370.

Kompyuta ndogo zilipoenea, ufundi huo ulizifuata. Mwaka 1999 kampuni ya VMware ilitoa programu yake ya kwanza ya namna hii. Lakini mgeni wa siku hizo alikuwa akidanganywa. Alionyeshwa diski na kadi ya mtandao zisizokuwapo. Kila alipozigusa, mwenyeji alimsimamisha, akaiga jibu la chombo halisi, kisha akamwachia. Uongo una gharama: muda mwingi ulipotea katika kuigiza.

Mwaka 2003 wataalamu wa Cambridge nyingine, ile ya Uingereza, walieleza mfumo wao wa Xen. Humo mgeni aliambiwa kweli. Kiini cha mfumo wake kilibadilishwa kidogo, kikajua kwamba kimo katika nyumba ya watu, kikamwomba mwenyeji msaada waziwazi. Kazi ikaenda mbio. Tatizo likawa kwamba kila mwenyeji alikuwa na lugha yake. Ndipo Rusty Russell, mwana programu wa Australia, alipotunga lugha moja ya wote, iitwayo virtio, ambayo iliingia katika kiini cha Linux 2.6.24 mwezi wa Januari, 2008. Kwa lugha hiyo mgeni hupanga maombi mengi katika foleni ndani ya kumbukumbu ambayo mwenyeji pia huiona, kisha hubisha hodi mara moja tu.

Hata hivyo kweli haimfai asiyeandaliwa kuisikia. Anayejenga kiini cha Linux huulizwa juu ya kila kiendeshi: je, kiunganishwe ndani ya kiini, kiwekwe kando kama moduli, au kiachwe? Tuseme mjenzi amekiweka kando kiendeshi cha diski, CONFIG_VIRTIO_BLK, na moduli ikahifadhiwa katika diski ile ile. Kiini kitaamka, kitafute diski, kisiweze kuisoma. Maana ufunguo umefungiwa ndani ya sanduku. Hapo mashine husimama, haina la kufanya. Mjenzi mwangalifu hukiunganisha kiendeshi hicho na kiini, pamoja na kile cha njia ya kukifikia chombo, kama CONFIG_VIRTIO_PCI. Au huvitia katika fungu dogo la faili linalopakiwa kumbukumbuni pamoja na kiini.

Basi, msomaji, jitihada ya zaidi ya miaka arobaini yaweza kukwamishwa na jibu moja lililotolewa bila kufikiri. Waliotangulia walitengeneza njia. Aijaye leo hana budi kuuliza, kabla ya safari, ufunguo umewekwa wapi.