Sambusa na Sandwichi Meza Moja: Chai ya Bibi Harusi Ilikotoka



Mwezi uliopita alikuja dukani kwetu bibi harusi mmoja kujaribu gauni lake. Sisi kazi yetu ya kwanza ni cherehani, lakini anayeshona gauni huishia kuulizwa na vitambaa vya meza, kisha vikombe, kisha chai yenyewe. Ndiyo maana siku hizi tunapokea na oda za ile chai ya wanawake inayofanywa baada ya Alasiri, siku chache kabla ya harusi. Alifuatana na mama yake na bibi yake mzaa mama. Tulipokuwa tunabana kiuno cha gauni kwa pini, akatoa simu akatuonesha picha: sahani ya ghorofa tatu, sandwichi ndogo ndogo zilizokatwa kingo, keki za rangi ya waridi, na skonzi za Kiingereza na jamu. "Nataka hivi hivi," akasema. "Sambusa sitaki, wala kachori. Vile ni vya kila siku."

Bibi yake, aliyekaa kimya muda wote, akauliza: "Na mimi nimekuwa wa kila siku?"

Hakuna aliyejibu. Yule bibi ndiye aliyekunja sambusa za harusi zote za ukoo wao, ya mama mtu ikiwemo. Kumwambia sambusa hazitakiwi ni kumwambia aje avae vizuri akae akitazama. Mama naye yuko katikati, hajui amshike nani. Tuliomba siku mbili tuwapangie menyu. Na kwa kuwa nyumba ile si ya kwanza kuingia ugomvi huu, tumeona tuyaandike hapa yale tuliyowaeleza walipорudi. Skuli tuliishia sekondari, lakini kusoma hatukuacha.

Tuanze na sambusa, kwa kuwa ndiyo iliyoshitakiwa. Wengi tunasema ni chakula cha Wahindi. Kweli, lakini haikuzaliwa kwao. Vitabu vya mapishi vya Baghdad vya karne ya 10 tayari vina sambusa ndani yake, na jina lenyewe limetoka Uajemi. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco aliyepita Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alifika Delhi miaka michache baadaye, akala kwenye meza ya Sultan Muhammad bin Tughluq. Anaeleza sambusa zilizoletwa pale: nyama iliyokatwakatwa na kupikwa na lozi, jozi, pistachio, vitunguu na viungo, ikafungwa ndani ya mkate mwembamba na kukaangwa kwa samli. Chakula cha mfalme hicho! Tena sikiliza jina: Mhindi leo anasema samosa, sisi tunasema sambusa, na matamshi yetu ndiyo yaliyo karibu zaidi na yale ya zamani ya Waarabu na Waajemi. Kwa hiyo mtu akituambia sambusa si ya sherehe, tunamuuliza sherehe gani hiyo iliyozidi ya Sultan wa Delhi.

Lakini sambusa ile haikuwa na mbatata, wala haikuwa na pilipili kali. Isingeweza. Mbatata na pilipili kali za kila namna asili yake ni Amerika, na kabla ya mwaka 1492 hapakuwa na mtu India wala pwani yetu aliyewahi kuzionja. Zilivushwa bahari na Wareno na Wahispania. Neno batata asili yake ni visiwa vya Karibiani, Wareno wakalifikisha pwani ya magharibi ya India, na mpaka leo Mgujarati anasema batata kama sisi tunavyosema mbatata.

Hapa pana kichekesho. Ukimwambia mtu wa Mumbai akuletee kachori, atakuletea kitu kingine kabisa: andazi dogo la unga wa ngano lililojazwa choroko au dengu zenye viungo. Kile tunachokiita sisi kachori, donge la mbatata lililochovywa kwenye unga wa dengu na kukaangwa, yeye anakiita batata vada. Jina tumechukua la mmoja, chakula tumechukua cha mwingine, na hakuna aliyetudai.

Sasa tuje kwenye chai, na hapa mabibi harusi msikilize vizuri, kwa sababu kisa hiki kina bibi harusi. Mwaka 1662 mfalme wa Uingereza, Charles wa Pili, alimuoa binti mfalme wa Ureno aitwaye Catherine wa Braganza. Chai ilikuwa imeshaanza kuuzwa London, lakini ilikuwa ghali na wachache ndio walioijua. Catherine alitoka kwenye nyumba ya kifalme iliyozoea kunywa chai, akaendelea na mazoea yake kwa mumewe, na mabibi wakubwa wa London wakamfuata. Mavazi ya bibi harusi mpya huigwa, sisi tunalijua hilo, na kumbe hata kikombe chake huigwa.

Lakini tazama alichokuja nacho. Katika mali aliyotoka nayo kwao ilikuwemo Bombay, mji ambao leo ni Mumbai. Mwaka 1668 mfalme akaikabidhi kwa Kampuni ya Kiingereza ya India Mashariki kwa kodi ya pauni 10 kwa mwaka. Wareno hao hao walikuwa wakati ule bado wako Fort Jesus, Mombasa, na hawakutolewa na Waomani mpaka mwaka 1698. Ndoa moja ya Ulaya, na ndani yake mna chai, mna Bombay, na ukitupa jicho pembeni unaiona pwani yetu.

Chai ya Catherine ilitoka China. Waingereza walianza kupanda ya kwao Assam, kaskazini mashariki mwa India, katika miaka ya 1830, na chai ya kwanza ya Assam ikanadiwa London mwaka 1839. Karibu na wakati huo huo, mnamo mwaka 1840, wanasimulia kwamba Anna, mke wa mtawala wa Bedford, alichoka kukaa na njaa kutoka chakula cha mchana mpaka cha usiku, akaanza kuagiza chai na vitafunio alasiri na kualika mashoga zake. Hiyo ndiyo chai ya kizungu iliyokuwa kwenye simu ya mteja wetu. Asili yake ni wanawake wenye njaa ya saa kumi jioni, jambo ambalo halihitaji kufasiriwa kwa Kiswahili.

Sandwichi tunaipita haraka, maana kisa chake wanakihusisha na meza ya kamari ya bwana mmoja wa Sandwich, na neno lenyewe liliandikwa mwaka 1762. Keki tutaikalia kidogo. Alfred Bird, mkemia wa Birmingham, alikuwa na mke ambaye tumbo lake halikubali mayai wala hamira. Mwaka 1837 akamtengenezea kastadi isiyo na yai, na mwaka 1843 akatengeneza bekingi pauda ili mkewe apate kula mkate. Mabibi harusi, mume wa namna hiyo aombewe dua. Mikebe ya kastadi iliyomo makabatini mwetu leo chanzo chake ni mapenzi ya nyumba ile. Bibi zetu lakini walioka mkate wa mayai bila bekingi pauda na bila siagi: mayai na sukari wakivipiga mpaka mkono unakufa ganzi, kisha unga, iliki, na makaa juu na chini.

Haya yote yalikutana vipi Unguja? Sayyid Said alipohamishia makao yake hapa, katika miaka ya 1830 na 1840, wafanyabiashara wa Kutch na Gujarat nao waliongezeka: Bhatia, Khoja, Bohora. Forodha yenyewe ilikodishwa kwa nyumba ya Jairam Shivji. Kwa Waomani kinywaji cha mgeni kilikuwa kahawa na haluwa, na mpaka leo msibani na harusini kahawa haikosi. Mwaka 1890 Waingereza wakaweka himaya yao. Wagoa nao walikuja kutoka Goa, koloni la Wareno, na wengi wao walikuwa wapishi, waoka mikate na mafundi cherehani, wenzetu hao.

Katlesi inaonesha safari yote kwa mkupuo mmoja. Jina ni la Kiingereza, na Mwingereza alilichukua kwa Mfaransa, akimaanisha kipande cha nyama chenye mfupa wake. Wapishi wa India waliowapikia Waingereza wakautoa mfupa, wakasaga nyama, wakatia mbatata, kotmiri na pilipili, wakachovya kwenye yai. Ikavuka bahari ikaja kwetu, na leo futari bila katlesi watu wanaulizana kuna nini. Hata chai ya maziwa yenye tangawizi, iliki na mdalasini ni ndugu wa ile ya India, ambako wauza chai wa mitaani, mwanzoni mwa karne ya 20, waliongeza maziwa, sukari na viungo kwenye majani ambayo makampuni yalikuwa yakiyatangaza.

Basi walipорudi, bibi, mama na binti, tuliwaeleza haya huku tunakunja upindo wa gauni. Kisha tukawapa menyu ya wageni 40. Kwa chai ambayo si chakula cha usiku, sisi huhesabu vipande 6 kwa mtu, yaani 240: sambusa 80, katlesi 40, kachori 40, sandwichi 40, na keki 40. Watu huagiza mara mbili ya hivyo kwa kuogopa aibu, kisha usiku vinatupwa, na israfu haiwi nzuri kwa kuwa imepambwa kwa utepe. Chai lita 12: nusu ya maziwa na viungo, nusu ya rangi yenye mchaichai.

Keki za malai tulizikataa. Mara ya kwanza tulipoiga menyu ya Kizungu nzima nzima tuliziweka uani mapema, na dua ilipomalizika malai yalikuwa yameteremka mpaka kwenye kitambaa tulichokishona wiki nzima. Sandwichi za tango nazo zilikuwa zimekunja kingo kama karatasi, na wageni wakawa wanaulizia pilipili. Unguja si Bedford. Sandwichi hukatwa mwisho kabisa na kufunikwa kitambaa kibichi. Sambusa hukunjwa tangu asubuhi lakini hukaangwa wageni wakiwa wanavua viatu. Na kila chenye jelatini au vanila ya chupa, soma maandishi yake kwanza, usimtie mgeni shakani.

Ile sahani ya ghorofa tatu bibi harusi aliipata. Chini tukapanga sambusa na katlesi, juu mkate wa mayai uliokatwa miraba na kupakwa jamu. Kati tukaweka sandwichi za namna ya Mumbai: slesi, siagi, chatne ya kotmiri na ndimu, tango, na mbatata ya kuchemsha iliyokatwa nyembamba. Skonzi za Kiingereza zikaachwa, maana huku ukisema skonzi mtu anategemea mkate laini wa sukari, na lile gumu la siagi lingezua maswali.

Bibi alikuja saa mbili asubuhi na kibao chake mwenyewe cha kusukumia manda. Mjukuu alikaa naye kitako jikoni, mikono ina hina bado mbichi, hawezi kushika kitu, akawa anahesabu tu kwa sauti. Jioni sandwichi ndizo zilizoisha mwanzo. Bibi alizitazama sana, akala moja, akauliza ile ya kijani ni nini. Tulipomwambia ni chatne yake yeye mwenyewe ya kila siku, akafunga mbili kwenye karatasi akazitia mkobani, akasema anampelekea jirani.