Maneno ya Kiarabu vinywani mwa Waislamu wa Muheza

Muheza ni mji na wilaya katika Mkoa wa Tanga, kwenye barabara ya Tanga mjini kwenda Segera, chini ya milima ya Usambara Mashariki. Wenyeji wake wa asili ni Wabondei, na wanaishi pamoja na Wasambaa, Wadigo na wengineo. Waislamu wa hapa, kama wenzao wengi wa pwani, ni wa madhehebu ya Shafii. Wanaongea Kiswahili, na wengine Kibondei nyumbani, lakini siku haiishi bila maneno ya Kiarabu ambayo hakuna anayehangaika kuyafasiri. Hapa hayazungumzwi maneno kama sahani na sabuni, ambayo yalishakuwa Kiswahili zamani, bali yale yanayotamkwa kwa nia ya kumtaja Mungu, au angalau yaliyoanza hivyo.

Salamu ndiyo ya kwanza. "Assalamu alaykum", yaani amani iwe juu yenu, hutumika kwa umbo la wingi hata kwa mtu mmoja, na masheikh hueleza kuwa mtu hayuko peke yake, ana malaika wake. Kurani (4:86) inataka salamu ijibiwe kwa iliyo bora zaidi au iliyo sawa nayo, ndiyo maana wazee huongeza "wa rahmatullahi wa barakatuh" na hawapendi kujibiwa kwa mkato. Hata hivyo salamu hii haikuiondoa shikamoo. Kijana anayepita barazani hutoa zote mbili, "Assalamu alaykum, shikamoo baba", na hujibiwa zote mbili. Marahaba, jibu la shikamoo, nayo ni Kiarabu: huko ni neno la kumkaribisha mgeni, hapa limepewa wakubwa tu. Wazee wa pwani wana pia sabalkheri ya asubuhi na masalkheri ya jioni, ingawa vijana wengi siku hizi huzisikia tu, hawazitumii.

"Bismillahi" humaanisha kwa jina la Mwenyezi Mungu. Sura 113 kati ya 114 za Kurani hutanguliwa nayo. Ya 9 pekee haina. Mchinjaji huitamka pamoja na takbiri, yaani "Allahu akbar", kabla kisu hakijapita shingoni, na kwa kuwa desturi ya Tanzania ni nyama ya sokoni kuchinjwa na Mwislamu, huliwa na watu wa dini zote. (Suala la nani achinje liliwahi kuleta ugomvi mkubwa, Geita, mwaka 2013.) Nyumbani neno hilo limepata kazi nyingine. Walioketi kwenye sinia wakimwona mpita njia humwambia "Bismillahi!", nayo ni karibu tule. Asiyetaka kula hasemi hapana. Huweka mkono kifuani, akasema "Alhamdulillahi", sifa njema ni za Mungu, na kila mtu ameelewa kwamba ameshiba, au hana nafasi, au hataki tu.

Lililo gumu kuliko yote ni "inshallah". Kwa asili ni maneno matatu: in, ikiwa, shaa, akitaka, Allah. Kurani (18:23-24) inakataza mtu kusema atafanya jambo kesho bila kuongeza kwamba Mungu akitaka. Sasa mchukue fundi cherehani wiki ya mwisho ya Ramadhani. Mteja anauliza kanzu itakuwa tayari lini. "Alhamisi, inshallah." Mteja anamtazama: "Inshallah ya kweli, au ya kifundi?" Kibanda kizima kinacheka, na fundi naye anacheka, maana anajua vitambaa vilivyolundikana nyuma yake. Ikitamkwa polepole, kwa shaa ndefu, ni ahadi. Ikitamkwa haraka, macho yakiwa kwenye sindano, ni heri mteja afikirie kanzu ya mwaka jana. Walimu wa madrasa hulalamikia matumizi haya ya pili, na wana haki. Lakini neno linalomwezesha mtu kukataa bila kumvunjia mwenzake heshima halitaachwa kwa mawaidha ya jioni moja.

"Mashallah", alilolitaka Mungu, ni la kusifu na kukinga kwa pamoja. Anayemsifia mtoto mchanga kwa unene wake bila kulitamka humtia mama wasiwasi, kwa hofu ya kijicho. Muheza inajulikana kwa machungwa, na huko nako neno hufanya kazi: mnunuzi mwenye adabu akikuta mti umeinamisha matawi kwa mzigo husema mashallah kwanza, ndipo aulize bei. Bei ikitajwa, zamu ya "wallahi" imefika. Muuzaji huapa kwamba hapati faida, na akibanwa huongeza: wallahi, billahi, tallahi, ambavyo ni viapo vitatu kwa viambishi vitatu vya Kiarabu. Kisheria kiapo si mchezo. Anayevunja yamini aliyoikusudia hutakiwa kulisha masikini 10 au kuwavisha, au kumwacha huru mtumwa, na asipoweza hufunga siku 3 (Kurani 5:89). Ingefuatwa kikamilifu sokoni, masikini wa wilaya wangeshiba.

Maneno haya hayakubaki kwa Waislamu peke yao. Magila, karibu na mji, ni kituo cha misheni ya Kianglikana tangu karne ya 19, na familia nyingi za Kibondei zina Wakristo na Waislamu chini ya ukoo mmoja. Mkristo wa Muheza husema inshallah na wallahi bila kujiona amevuka mpaka. Hasemi "inna lillahi wa inna ilayhi rajiun", sisi ni wa Mungu na kwake tutarejea (Kurani 2:156). Hilo ni la Waislamu, na ndilo linalosikika kwanza mtu akifa, kwenye kipaza sauti cha msikiti na kwenye ujumbe wa simu, kabla ya jina la marehemu. Anayelisikia hunyamaza ili ajue ni nani.

Ndani ya ibada, uhuru huo wote hukoma. Katika sala 5 za faradhi mtu hutamka "Allahu akbar" mara 94 na kusoma Alhamdu, sura ya kwanza ya Kurani, mara 17, kila siku, na haruhusiwi kubadilisha herufi. Hapo ndipo kinywa cha Mswahili hujaribiwa, kwa kuwa Kiswahili hakina kafu ya kooni wala ainu. Kosa linalotajwa chuoni ni moja: kalbu kwa kafu nzito ni moyo, kwa kafu nyepesi ni mbwa. Mtoto anayesoma Juzuu Amma, sehemu ya mwisho ya Kurani, anaweza kulipatia hilo kuliko babu yake, na akimsahihisha mbele ya watu, huambiwa anyamaze, kisha babu husikika akilijaribu peke yake.

Madrasa zimeleta pia umakini wa jinsia, jambo geni kwa Kiswahili. "Jazakallahu khairan", Mungu akulipe kheri, huambiwa mwanamume. Mwanamke huambiwa jazakillahu. Vijana husahihishana kwa hilo, wakati asante, ambalo kwa maelezo ya wengi limetokana na ahsanta, umefanya vyema, la kumwambia mwanamume, wanampa kila mtu bila kujiuliza.

Barua za zamani za pwani zilifunguliwa kwa salamu za Kiarabu na kufungwa kwa "wassalaam". Kinachofunga mawaidha na mihadhara leo ni "wabillahi taufiki", yaani uwezesho unatoka kwa Mungu. Likitamkwa, waliokaa nyuma huanza kutafuta viatu mlangoni. Wazoefu hawanyanyuki bado, maana wanajua sheikh akishalisema hukumbuka jambo moja dogo.