Isukuti na Tiketi ya Ndege

Hapa Kakamega, kijana akianza kung'aa pale Uwanja wa Bukhungu, maneno huanza. Wazee humwambia asisahau kwao. Wenzake humwambia asilale, umri hausubiri, atafute timu ng'ambo. Utadhani ni lazima achague moja, aache jingine. Mimi nikiitazama historia yetu, naona mambo hayakuwa hivyo tangu mwanzo.

Mwaka 1964 vilabu kadhaa vya Waluhya jijini Nairobi viliungana, ikazaliwa Abaluhya United. Waliokuwa nyuma yake ni watu waliokwisha kuondoka nyumbani kutafuta riziki. Huko mjini Mmaragoli, Mbukusu na Mwisukha wakakaa upande mmoja wa uwanja. Isukuti, ngoma ya Waisukha na Waidakho inayopigwa arusini na matangani, ikaingia jukwaani kushangilia mabao. Yaani timu tunayoiita mizizi yetu ilizaliwa safarini.

Nyota wake alikuwa Joe Kadenge, mtu wa upande wa Vihiga, enzi hizo ikiwa ndani ya Wilaya ya Kakamega. Kwa sauti ya mtangazaji Leonard Mambo Mbotela, "Kadenge na mpira" ikawa msemo wa nchi nzima. Lakini mpira wa siku zile ulilipa kwa sifa tu. Mwaka 1980, serikali ilipotaka majina ya kikabila yaondolewe, Abaluhya ikawa AFC Leopards. Mashabiki hawakubabaika: chui kwetu ni ingwe, basi wakaiita Ingwe. Ikatwaa ubingwa wa vilabu vya Afrika Mashariki na Kati mara tatu mfululizo, 1982 hadi 1984.

Noah Wanyama aliichezea Ingwe. Wanawe walivuka bahari. McDonald Mariga alipitia Sweden na Italia, na mwaka 2010, akiwa Inter Milan, akawa Mkenya wa kwanza kucheza Ligi ya Mabingwa Ulaya. Mdogo wake, Victor, aliifungia Celtic dhidi ya Barcelona Novemba 2012. Je, walisahau kwao? Victor huyo huyo ndiye aliyekuwa nahodha wa Harambee Stars kwenye Kombe la Afrika 2019 kule Misri.

Wapo wanaotutolea mfano wa Wabaski. Athletic Club ya Bilbao, iliyoanzishwa 1898, huchezesha wenye asili ya Kibaski au waliolelewa kisoka huko. Nico Williams, ambaye wazazi wake walitoka Ghana, alitakiwa na Barcelona, lakini Julai 2025 akasaini kubaki Bilbao hadi 2035. Mfano mzuri, sikatai. Ila Nico alibaki kwenye mshahara mnono na uwanja unaojaa. Kijana wetu tunamwambia abaki kwa ajili ya nini?

Mwaka 2014 UNESCO iliiweka isukuti kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Wapigaji wanazeeka, warithi ni wachache, na fedha hakuna. Hilo halikuletwa na akina Mariga. Limetokea hapa hapa, mbele ya macho yetu sisi tuliobaki. Kwa hiyo kabla ya kumwuliza kijana kama atasahau ngoma, tuulize nani anamfundisha kuipiga, na klabu ya nyumbani itamlipa nini akiamua kutopanda ndege.