Mbuga, Ardhioevu na Mtaro: Maji ya Mvua katika Historia ya Mji wa Mpanda

Utangulizi

Mji ukikua, si lazima mvua iongezeke. Kinachobadilika kwanza ni njia ya maji. Tone lililokuwa likinywewa na ardhi ya miombo sasa huangukia bati, hushukia ua uliokanyagwa ukawa mgumu, huingia barabarani, na hufika bondeni pamoja na matone mengine kwa wakati mmoja. Mhadhara huu unayachunguza mabadiliko hayo katika mji wa Mpanda, makao makuu ya Mkoa wa Katavi, kwa kufuata historia ya maneno matatu: mbuga, ardhioevu na mtaro. Hoja yake ni kwamba Kiswahili cha bara kilikuwa tayari na neno la kumtahadharisha mjenzi. Neno hilo lilipopotewa na maana yake ya maji, na sheria ikatumia neno jingine, mnunuzi wa kiwanja alibaki bila onyo.

Mbuga kabla ya watalii

Leo mtoto wa shule akiulizwa maana ya mbuga, aghalabu atataja simba, tembo na watalii. Matumizi hayo yameenea sana, ingawa jina rasmi ni hifadhi ya taifa. Katika nyanda za magharibi, hata hivyo, mbuga ni kwanza aina ya ardhi: bonde pana lililo bapa, lenye nyasi na udongo mweusi wa mfinyanzi. Masika udongo huo huvimba na kushika maji. Kiangazi hukauka na kupasuka nyufa. Mkulima wa Kisukuma huutofautisha na luseni, yaani udongo wa kichanga wa mwinuko, na itogolo, udongo mgumu wa mteremko. Maneno hayo matatu yanaeleza pia safari ya maji: huzama kwenye luseni, huteleza juu ya itogolo, hukaa mbugani.

Maarifa hayo yaliingia katika sayansi ya dunia. Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani, Tanganyika, alionyesha katika miaka ya 1930 kwamba udongo wa Afrika Mashariki hupangika kwa mfuatano unaojirudia, kutoka kileleni hadi bondeni, na kwamba maji ndiyo mpangaji mkuu. Katika maandishi ya wataalamu wa udongo, neno mbuga lilibaki vilevile kwa ajili ya ardhi ya chini kabisa ya mfuatano huo. Hivyo neno la wakulima lilipata hadhi katika sayansi, huku katika matumizi ya mijini likielekea kwa wanyama.

Reli, madini na mji

Mpanda haikuanza kama mji mkubwa. Kukua kwake kulichochewa na madini ya risasi ya Uruwira, ambayo kwa ajili yake ilijengwa reli ya takriban kilomita 210 kutoka Kaliua, iliyokamilika mwaka 1950. Reli hiyo hukatiza nyanda za Mto Ugalla, ambazo masika hujaa maji. Haikuwezekana kuijenga pasipo tuta, madaraja na makalavati. Kwa mhandisi wa reli, maji ya mvua ni kitu cha kupitishwa upesi upande wa pili. Fikra hiyo inafaa kwa reli. Ilipohamia mjini ilizaa imani kwamba dawa ya maji ni mtaro, na kwamba kazi ya mtaro imekwisha maji yakishatoweka machoni.

Kazi ya machimbo ilikoma mnamo 1960, lakini reli ilibaki ikibeba watu na mazao. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970 wakimbizi kutoka Burundi walikaribishwa Katumba, na kuanzia 1978 Mishamo. Wafugaji na wakulima wa Kisukuma nao waliendelea kuhamia kusini wakitafuta malisho na mashamba. Mwaka 2012 Mkoa wa Katavi ulimegwa kutoka Rukwa, na Mpanda ikawa makao makuu. Sensa ya mwaka huo ilihesabu watu 564,604 katika mkoa. Ile ya 2022 ilihesabu 1,152,958. Ongezeko hilo la asilimia 7.1 kwa mwaka lilikuwa la juu kuliko la mikoa yote ya Tanzania. Mji wenyewe ulikuwa na watu 102,900 mwaka 2012, na kufikia 2022 walikuwa wamezidi 240,000.

Hesabu ya bati

Idadi hiyo ina maana ya moja kwa moja kwa maji. Mpanda hupata karibu milimita 1,000 za mvua kwa mwaka, nazo hunyesha katika msimu mmoja, Novemba hadi Aprili. Mvua moja ya milimita 50 ikiangukia paa la mita za mraba 100 hutoa lita 5,000, yaani ndoo kubwa 250. Mapaa elfu moja hutoa lita milioni tano, kabla ya kuhesabu barabara na nyua. Maji hayo hayana budi kwenda chini, na chini ni mbugani.

Huko ndiko pia ardhi rahisi ilikobaki. Mwinukoni viwanja vimepimwa na bei imepanda. Mgeni mwenye akiba ndogo huonyeshwa uwanda mpana ulio wazi. Akiuona Agosti, huona ardhi kavu, tambarare, isiyo na visiki vya kung'oa. Nyufa za udongo mweusi zingemwambia jambo, lau angeuzoea. Hujenga kwa tofali za kuchoma na tope. Januari udongo huvimba, msingi hucheza, ukuta hupasuka kabla hata maji hayajapanda mlangoni.

Sheria isiyotaja mbuga

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bwawa. Ni kipimo chema kwa mto wenye kingo. Mbuga haina ukingo: maji yake husambaa kama mkeka, mwaka huu hapa, mwaka ujao pale. Sheria hiyo inalo pia fungu la ardhioevu, neno ambalo wataalamu na watafsiri wamelieneza kwa ajili ya vinamasi, mabwawa na mabonde ya mafuriko. Kiistilahi neno hilo halina kasoro. Tatizo ni kwamba dalali, mwenyekiti wa mtaa na mnunuzi, wanapoandikiana hati ya mauziano, hawataji ardhioevu. Wanasema mbuga, bonde au uwanda. Kinga iko katika neno moja, na biashara hufanyika katika neno jingine.

Dar es Salaam imekwisha kulipa gharama ya kusahau jina. Jangwani, katika bonde la Mto Msimbazi, ni jina linalokumbusha uwanda mtupu usiokaliwa. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 jijini, na baadhi ya waathirika walihamishiwa Mabwepande. Hata hivyo karakana ya mabasi yaendayo haraka ilijengwa papo hapo Jangwani. Huduma ilianza 2016, na maji yakaifunika zaidi ya mara moja. Kata ziitwazo Mbugani zipo pia Tabora na Mwanza. Majina ya namna hiyo ni ramani ya maji iliyoandikwa na waliotangulia.

Jaluba dhidi ya mtaro

Mpanda ilikuwa miongoni mwa miji 18 iliyoingizwa katika mpango wa kuimarisha serikali za miji uliofadhiliwa na Benki ya Dunia tangu 2012, ambao ulileta barabara za lami pamoja na mitaro yake. Manufaa ya barabara hizo ni dhahiri. Lakini mtaro huhamisha maji tu, na kadiri unavyosakafiwa vizuri ndivyo unavyoyafikisha upesi kwa jirani wa chini.

Jirani wa chini wa mwisho ni Mto Katuma. Mto huu hulisha mashamba ya mpunga, kisha huingia Hifadhi ya Taifa ya Katavi, iliyoanzishwa 1974, kabla maji yake hayajaelekea Ziwa Rukwa. Utafiti wa Elisa, Gara na Wolanski uliochapishwa 2010 ulieleza jinsi mto huo ulivyokuwa ukikauka kiangazi, hasa kwa sababu ya maji kuzuiwa na kuchepushwa kwa umwagiliaji juu ya hifadhi. Viboko waliosongamana katika madimbwi ya tope wamekuwa picha ya Katavi inayojulikana. Hivyo mji huharakisha kuyafukuza Januari maji yaleyale ambayo bonde huyalilia Agosti.

Wakulima wa mpunga wa Mwamkulu na Kakese wanayo mbinu tofauti: jaluba. Ni shamba lililozungushiwa tuta dogo la udongo ili mvua isimame na kuzama taratibu. Mwenye jaluba haulizi maji yaende wapi. Huuliza yakae muda gani. Mpango wa mji unaoliuliza swali hilo utaiacha mbuga iwe bustani, malisho, mpunga au kiwanja cha mpira, itabakiza miti mwinukoni, na utamtaka mwenye nyumba akinge sehemu ya zile ndoo 250.

Hitimisho

Wanaisimu wana nafasi katika jambo hili. Tangu marekebisho ya sheria ya 2021 yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria, kazi ya kutafsiri imekuwa kubwa, na kila istilahi inayochaguliwa inaamua nani ataelewa. Msamiati wa udongo na maji wa Wasukuma, Wakonongo, Wapimbwe na Wabende unastahili kukusanywa na kuingizwa katika kamusi, na hatimaye katika fomu za viwanja. Kanuni ikiandika kwamba mbuga ni ardhioevu, na kidahizo cha mbuga kikaanza na maji kabla ya simba, familia inayonunua kiwanja kiangazi itakuwa imeambiwa, kwa lugha yake, kitakachokuja masika.