Kutoka Traki Moja hadi Traki Nyingi: Historia ya Kurekodi Muziki wa Pwani na Hatima ya Nyimbo za Mocímboa da Praia

Utangulizi

Tofauti kati ya "anapenda" na "alipenda" hubebwa na silabi moja fupi. Katika wimbo, pigo la ngoma likiangukia silabi hiyo, anayenukuu maneno kutoka kwenye rekodi hawezi kujua kama mwimbaji anasimulia yaliyopo au yaliyopita. Makala hii inafuatilia historia ya traki, yaani mkondo mmoja wa sauti unaohifadhiwa peke yake, na inajenga hoja kwamba idadi ya traki zinazohifadhiwa ni suala la lugha kabla ya kuwa suala la ufundi. Mfano unaozingatiwa ni Mocímboa da Praia, mji wa pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, ambako Kimwani, lugha ya Kibantu yenye uhusiano wa karibu na Kiswahili, huzungumzwa pamoja na Kimakonde na Kimakua.

Enzi ya traki moja

Siti binti Saad aliporekodi Bombay mwaka 1928, sauti yake na ala zote ziliingia katika mfereo mmoja wa santuri, na kila upande ulichukua takriban dakika tatu tu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Hugh Tracey, aliyeanzisha Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Kiafrika mwaka 1954, alirekodi Zanzibar na sehemu nyingine za Afrika Mashariki. Alizoea kushika maikrofoni mkononi na kuisogeza kati ya waimbaji na ala. Uamuzi wa nini kisikike ulifanyika papo hapo, na hauwezi kutenguliwa leo.

Tepu ya traki nane ilijengwa na kampuni ya Ampex kwa ajili ya Les Paul mwaka 1957, lakini gharama yake iliiweka mbali na watu wa kawaida. Mlango ulifunguka mwaka 1979, TEAC ilipotoa Portastudio, mashine ya traki nne iliyotumia kaseti ya kawaida. Mwaka 1983 kukaja MIDI, utaratibu unaoziwezesha mashine za muziki kuwasiliana na kwenda kwa mwendo mmoja.

Gruvuboksi na kompyuta

Mwaka 1996 kampuni ya Roland ilitoa MC-303 na kuiita gruvuboksi: mashine moja inayounganisha ngoma za umeme, sauti za kinanda na kumbukumbu ya mapigo, bila kuhitaji kompyuta. Ndani yake sehemu za muziki zimetengana, lakini zikitoka kupitia matundu mawili ya sauti, kushoto na kulia, huwa zimekwisha kuchanganywa. Tatizo la santuri ya 1928 linarudi kwa sura mpya.

Zipo njia tatu za kuliepuka. Ya kwanza ni kuifungamanisha mashine na kompyuta kwa saa ya MIDI, kisha kurekodi sehemu moja baada ya nyingine huku nyingine zimezimwa. Ya pili ni kutumia mashine inayopitisha traki nyingi kwa pamoja kupitia waya wa USB. Ya tatu ni kuiagiza mashine yenyewe, ikiwa ina uwezo huo, itoe faili tofauti kwa kila sehemu. Gharama ya nafasi si kubwa: kwa sampuli 48,000 kwa sekunde na biti 24, traki nane za wimbo wa dakika tano huchukua takriban megabaiti 346.

Mipaka ya utenganishaji

Hata hivyo, kutenganisha kuna madhara yake. Tufo, ngoma ya wanawake wa pwani ya kaskazini ya Msumbiji, hujengwa juu ya kuitikiana. Kumfungia kila mwimbaji chumbani peke yake ni kuiua ngoma ili kuhifadhi maneno yake. Inafaa kikundi kiimbe pamoja, maikrofoni moja ikiwa karibu na kiongozi, nyingine kwa waitikiaji na nyingine kwa matari. Gruvuboksi ikitumika, iingie kompyutani kwa traki zake.

Kinachoweza kupotea

Mashambulizi yalianza Mocímboa da Praia tarehe 5 Oktoba 2017. Mji ulitekwa Agosti 2020 na kukombolewa Agosti 2021 na majeshi ya Msumbiji na Rwanda. Katika Cabo Delgado zaidi ya watu 700,000 waliyahama makazi yao. Kikundi cha ngoma kikitawanyika, mwimbaji anayeweza kumweleza mtafiti alichosema huenda asipatikane tena, na rekodi hubaki shahidi pekee. Shahidi huyo akiwa amezibwa mdomo na ngoma, hakuna wa kumsemea.

Hitimisho na mapendekezo

Jumuiya ya SADC ilikipokea Kiswahili kuwa lugha yake rasmi mwaka 2019, na Msumbiji ni mwanachama. Heshima hiyo inapaswa kuzifikia pia lugha ndugu kama Kimwani. Tunapendekeza mambo manne. Kwanza, mikataba ya ufadhili wa kurekodi idai traki tofauti pamoja na mchanganyo wa mwisho. Pili, traki zihifadhiwe kama faili za WAV zinazoanzia sekunde ileile, kwa kuwa faili ya programu fulani hufa pamoja na programu hiyo. Tatu, ridhaa iombwe kwa kila sauti. Aliyekimbia vita ana haki ya kuizuia sauti yake, na traki iliyotengwa huwezesha hilo bila kuufuta wimbo mzima. Nne, nakala moja ibaki Cabo Delgado kwenyewe. Wenye nyimbo wasilazimike kuvuka bahari kuzisikiliza, kama Siti alivyolazimika kuivuka ili kuziimba.